Mdomo wa Gachoki

Gachoki alikuwa katikati ya kusoma somo la kwanza la ibada mzee wa kanisa alipomkatiza.

"Unatafuna muguka mbele ya madhabahu?"

Waumini wote wakamkodolea macho. Gachoki akafungua kinywa, akainua ulimi. Hamkuwa na jani lolote la kulevya. Lakini alipokifunga tu, taya likaanza tena kusaga na ulimi ukachomoza wenyewe. Jumatatu akaambiwa apumzike kusoma.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa akidungwa sindano kila mwezi, tangu sauti zilipomwambia kwamba dadake Igoki ni mchawi, akamkata bega kwa panga. Sindano ilizinyamazisha. Hakuwahi kuikosa.

Winrose, muuguzi wa kliniki, alimweleza bila kumficha.

"Dawa hii iko ndani ya mafuta ya ufuta, ndiyo maana inakaa kwenye msuli na kutoka polepole. Ikifika kwenye ubongo inaziba mahali dopamini, kemikali ya ubongo, inaposhika, na sauti zinatulia. Lakini ukizibwa miaka mingi, ubongo unachipuza mahali pengine pa kushikia. Ndipo mdomo unaanza kwenda wenyewe."

"Nikiacha?"

"Mchezo huu wa mdomo utazidi kwanza. Na pengine usiishe kamwe."

"Hakuna dawa nyingine?"

"Zipo. Hapa Kiritiri hatuletewi."

Gachoki aliacha sindano bila kumwambia mtu. Kufikia mwezi wa tatu meno yalikuwa yakimkata ulimi, na uji ulimmwagikia kifuani kabla hajaumeza. Kisha asubuhi moja, akipalilia ndengu, akasikia akiitwa kwa Kimbeere. Aligeuka, hapakuwa na mtu. Sauti ikataja jina la Igoki.

Aliacha jembe palepale, akaenda moja kwa moja kwa dadake.

"Igoki, nimeanza kuzisikia tena. Nipeleke nikadungwe."

Igoki alirudi ndani. Gachoki akasikia komeo likifungwa, kisha sauti yake dirishani.

"Kaa hapo nje, ndugu yangu. Nampigia Misheck simu arudi, twende watatu."

Misheck alikuwa mumewe. Gachoki akaketi chini, akalipa dirisha mgongo, mikono nyuma ili Igoki aione, akangoja karibu saa nzima.

Walipofika kliniki wote watatu, Winrose alimdunga, akaandika tarehe ya mwezi ujao kwenye kadi. Gachoki alipoipokea, kadi ilitikisika. Vidole vilikuwa vimeanza kucheza vyenyewe. Winrose aliviona, akainamisha uso, akamwita mgonjwa aliyefuata.