Herufi O za Mzee Ramniklal

Bhumika alifungua daftari la marehemu baba yake, Mzee Ramniklal, shabiki aliyeandika kila mechi, juu ya kaunta ya duka, katikati ya mikebe ya bolti na minyororo ya pikipiki, na Makoye akayaona maisha yake yote yamepangwa mistari: penalti tisini na sita, kila moja na alama yake. G ni goli. O ni okoa.

"Arobaini na moja, kaka Makoye," Bhumika alisema. "Umeokoa arobaini na moja! Nani atakunyima hiyo kazi?"

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufundisha makipa wa timu moja ya Geita mjini, nao walitaka takwimu, si masimulizi. Makoye hakuwa na kingine cha kupeleka ila barua ya Bhumika yenye hesabu za daftari hilo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kipa wa matuta wa timu ya wachimbaji wa Rwamgasa: anakaa benchi mechi nzima, kocha anamwingiza dakika ya mwisho penalti zikinukia, anasimama golini kwa muda wa kunywa chai, basi. Kesho yake yuko mtoni anaosha mchanga wa dhahabu. Goti lilipoharibika, hakuna aliyemwulizia. Sasa ana miaka thelathini na tisa, na mkewe Noela ameshasema wazi kwamba amechoka kulishwa sifa za matuta.

Si angenyamaza tu, jamani! Angechukua karatasi yake, akashukuru, akapanda basi. Lakini kidole kilikuwa kimeshatua kwenye mechi ya Masumbwe, na mdomo ukakosa breki.

"Hii ilipaa," alisema.

"Ilipaa vipi?"

"Juu ya goli, dada. Sikuigusa. Na hii iligonga mwamba. Hii hapa, mpigaji aliteleza, mpira ukatoka nje wenyewe."

Bhumika alikunja uso. "Macho ya baba yalishaanza kuingia ukungu," alimtetea mzee wake, akaanza kuzikata O hizo kwa kalamu.

Walishuka ukurasa kwa ukurasa. Makoye alizikumbuka zote, maana zile alizozigusa kweli bado zilikuwa viganjani mwake. Walipokaribia mwisho, arobaini na moja ilikuwa imebaki kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya tisini na sita! Kipa yeyote wa kubahatisha, anayejirusha upande wowote, angezipata hizo. Miaka kumi na mmoja ya benchi, kumbe hata wangemwacha aliyekuwa golini ingekuwa vilevile.

Ukurasa wa mwisho mwandiko ulikuwa unatetemeka. Palikuwa na O mbili.

"Na hizi futa," alisema Makoye.

"Hizi baba aliandika akiwa amelazwa hospitali ya Kolandoto."

"Najua. Nilimpigia simu nikiwa uwanjani. Nikamwambia tumeshinda, nimedaka mbili. Tulifungwa, dada. Sikudaka hata moja. Mtu anaumwa vile, ningemwambiaje?"

Bhumika aliweka kalamu chini.

"Redio ilikuwa pembeni ya mto wake," alisema. "Mechi ilitangazwa. Tuliisikiliza mpaka penalti ya mwisho. Halafu simu yako ikaita. Alikusikiliza, akakupongeza, kisha akaniomba kalamu."

Makoye alirudi kwenye ukurasa wa Masumbwe. Siku ile mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya goli, hatua tatu kutoka wavuni. Mpira ulimpita juu ya kichwa ukaangukia kwenye mihogo ya watu. Ni yeye mwenyewe aliyeinuka, akaufuata, akaurudisha akiukumbatia na kanzu yake ikiwa na vumbi.

"Niandike ngapi?" Bhumika aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kumi na saba."

Akaandika, akakunja barua na kumpa. Kisha akaligeuza daftari limwelekee, akamsogezea kalamu ili zile mbili za mwisho azikate mwenyewe. Makoye aliishika. Nje, kondakta wa basi la Geita alikuwa anaita abiria kwa mara ya mwisho, na Makoye bado alikuwa ameishika kalamu.