Vijana wa Fulana Nyeusi

Wanaomfahamu Candida wanajua kwamba ni mwoga, na yeye mwenyewe hakuwahi kulificha jambo hilo. Anaogopa mbwa, anaogopa lifti, anaogopa hata sauti ya mume na mke wakigombana chumba cha pili. Baba yake, muuza vitenge aliyetoka Rombo na kuanzia maisha Kariakoo, alikuwa akimtetea kwa kusema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Ndiyo maana ndugu walishangaa alipoliacha duka la baba na kwenda kufanya kazi na vijana wa mtaa wa Gerezani, wale ambao watu wa heshima wakipishana nao huhamishia mkoba bega la pili.

Kazi yenyewe aliifanyia katika chumba cha kupanga, nyuma ya gereji. Kila Jumamosi walikuja wavulana na wasichana waliokuwa wakivuka kutoka utotoni. Wengine walikuwa wanasoma, wengine walishaacha shule. Aliwafundisha habari za miili yao inayobadilika, namna ya kukataa bila kugombana, namna ya kuomba kazi. Zaidi ya yote aliwafundisha kusema mbele ya watu wazima bila kuinamisha kichwa. Candida aliamini kwamba mtoto ambaye haulizwi neno nyumbani wala mtaani, siku moja atalisema hilo neno kwa panga.

Mwaka huo vijana wenyewe walichagua jambo la kushughulikia, nalo lilikuwa vyoo. Aliyelileta ni Joyceline, binti wa miaka kumi na mitano ambaye akitoka shule alimsaidia shangazi yake kuuza vyombo. Alieleza kwamba wasichana wanaoshinda sokoni hawanywi maji tangu asubuhi kwa sababu hawana pa kwenda kujisaidia, na wakiwa kwenye siku zao hubaki nyumbani. Wavulana wakaanza kucheka. Lucky akawaambia wanyamaze, wakanyamaza. Wakakubaliana wapite kwa wafanyabiashara, wakusanye maoni yao, kisha wayapeleke kwenye mkutano wa mtaa.

Huyo Lucky alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye maneno machache, na kovu lililotoka sikioni hadi kwenye kidevu. Kovu hilo alilipata bondeni Msimbazi enzi alipokuwa akitembea na kundi lililokuwa likipora watu simu. Mama yake, Anaeli, mkaanga samaki, alimkokota kwa ukosi wa shati hadi kwa Candida na kumwambia, "Huyu nimekuletea. Mimi nimeshindwa." Tangu hapo Lucky hakukosa Jumamosi hata moja. Lakini mtaa una kumbukumbu ndefu, na wako waliokuwa bado wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Fulana nyeusi za kuvaa katika kazi hiyo nazo walizichagua vijana. Walisema nyeusi haionyeshi uchafu, tena inapendeza. Mgongoni ziliandikwa "Tuulizeni Sisi". Candida alizipenda. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Wiki ile kulikuwa na maneno kwenye simu za watu. Yalisema kwamba panya rodi, yale makundi ya vijana wenye mapanga, wangeshuka Kariakoo mchana kweupe. Nani aliyeanzisha maneno hayo hakujulikana, lakini kila aliyeyapokea aliyatuma mbele akiongeza lake, na wapo walioongeza kwamba wangevaa nyeusi, ingawa hilo halikumfikia Candida. Yeye aliyasikia hayo ya mapanga tu, akaogopa kama kawaida yake, kisha akajikemea. Angekuwa anasikiliza kila uvumi, asingetoka kitandani.

Jumamosi hiyo wakatoka. Mambo yalianza vizuri. Wachuuzi waliwatania, wengine waliwafukuza, wengine walisema mengi kuliko walivyoulizwa. Joyceline na Lucky walimsimamisha msukuma mkokoteni mmoja aitwaye Athanas, mtu wa makamo mwenye mabega mapana. Athanas alicheka aliposikia habari ya vyoo, kisha kicheko kikamwisha. Akawaambia kwamba binti yake anauza mifuko pale pale sokoni, na kwamba mwezi uliopita alilazwa kwa sababu ya kubana mkojo. Lucky alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru.

Jua lilipokuwa kali, wakaenda kupumzika kwenye duka la Evarista, mama aliyekuwa akiuza ndoo na mabeseni kwa jumla katika mtaa unaokatiza kutoka barabara ya Msimbazi. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Candida. Akawapa maji ya kunywa, wakaketi juu ya ndoo. Lucky alibaki nyuma kumsaidia bibi mmoja kuokota vitunguu vilivyomwagika.

Ndipo kikasikika kishindo kutoka upande wa pili wa mtaa. Mtu akapiga kelele kwamba wamekuja. Kariakoo mtu mmoja akikimbia, wote wanakimbia, na hakuna anayesimama kuuliza. Milango ya chuma ikaanza kushushwa duka baada ya duka, kelele zake zikisogea kama mvua ya mawe juu ya mabati. Evarista, mwanamke mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, alivuta mlango wake kwa mkupuo mmoja. Giza likawafunika.

Candida akawapapasa vijana kichwa hadi kichwa. Akawahesabu kwa kunong'ona, akakosea, akaanza upya. Ndoo moja ilianguka, msichana mmoja akaanza kulia akiwa amejiziba mdomo. Ndipo Candida alipotambua kwamba kichwa kimoja hakipo.

Hakuhitaji kuuliza kilipo. Nje mtu alikuwa akisema, "Huyu hapa mmoja wao. Na nyeusi yake. Tazama kovu hilo." Ikafuata sauti ya kitu kigumu kikipiga mwili. Mtu aliyewahi kuisikia sauti hiyo haisahau, na Candida sasa aliisikia mara ya pili, mara ya tatu, huku Lucky akijaribu kusema jambo ambalo hakuna aliyempa nafasi ya kulimaliza.

Mkono wa Candida ulikuwa kwenye mpini wa mlango. Ukabaki hapo hapo. Evarista alimshika kiuno kutoka nyuma, akamnong'oneza, "Mwanangu, usifungue. Hawa watoto wote wamevaa nyeusi. Ukifungua, umewatoa wote."

Ilikuwa kweli, na Candida alijua ni kweli. Mle ndani walikuwamo watoto wa watu. Akijiambia kwamba anawalinda, hakuwa anadanganya. Lakini alijua pia kwamba sehemu ya nafsi yake ilikuwa imefurahi kupata sababu nzuri ya kutofungua. Hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti za nje.

"Dada Candida," Joyceline akasema gizani. Hakulia. "Wanamuua. Fungua, tutoke wote."

"Nyinyi mtabaki hapa."

Akauinua mlango kiasi cha kupita mtu kwa kutambaa. Akamwambia Evarista aushushe nyuma yake, akalala kifudifudi, akapenya. Saruji ilimchuna viwiko. Alipoinua kichwa aliona miguu tu, miguu mingi, na katikati yake Lucky amejikunja, mikono imefunika kichwa. Karibu kabisa alisimama Athanas, ubao mkononi, akihema. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alikuwa na sura ya mtu aliyeogopa sana, na hofu yake ilikuwa imepata pa kutokea.

Candida alitaka kusema kwamba huyu ni kijana wake, kwamba wanakusanya maoni, kwamba kuna makosa. Hakuna sauti iliyotoka. Basi akafanya kitu pekee ambacho mwili ulikubali, akamlalia Lucky. Pigo lililokuwa njiani likatua mgongoni kwake. Maumivu yalimfanya aone nyota. Mtu mmoja akasema huyo mama ni mwenzao. Mwingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai, akauliza kama kuna mwenye tairi.

Candida akafumba macho. Chini yake alisikia moyo wa Lucky ukipiga upesi upesi, na hakujua tena upi ni wake na upi ni wa kijana.

Nyuma, mlango wa Evarista ukapanda. Baadaye Evarista alieleza kwamba aliwazuia kadiri alivyoweza, lakini hakuwa na mikono ya kuwatosha wote. Wasichana walitangulia, wameshikana mikono, wavulana nyuma yao. Umati ulipoziona fulana, ukavuta pumzi kwa pamoja. Wenye mawe wakayainua. Joyceline akaendelea kutembea mpaka akasimama mbele ya Athanas, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, baba."

Kuna vitu ambavyo ulimi wa mtu mzima huvifanya bila kumshauri mwenyewe. "Marahaba," Athanas akajibu, ubao ukiwa bado juu. Kisha akamtazama vizuri aliyemwamkia.

"Ni sisi tuliokuuliza habari za vyoo," Joyceline akasema. Sasa sauti ilikuwa ikikatika. "Ukatuambia kuhusu binti yako. Huyo uliyempiga ndiye aliyekusikiliza."

Athanas akainama. Akamsogeza Candida taratibu, akaufuta uso wa Lucky kwa kiganja, damu ikaondoka. Akautambua. Ubao ukaanguka. Aliponyanyuka aliwaambia watu kwamba hawa anawajua, kwamba ni watoto wa hapa hapa. Hawakumwamini mara moja. Jiwe moja lilirushwa likampata kijana mmoja begani, na mwenye kutafuta tairi alikuwa bado anauliza. Lakini Athanas alikuwa amekwisha kuuvuta mkokoteni wake, akamwaga mzigo wa mtu barabarani, akampakia Lucky. Wasichana wakauzunguka mkokoteni pande zote. Ndivyo walivyotoka mtaani, mpigaji akisukuma, na watu wakawapisha huku wakiendelea kuwatazama kwa mashaka. Candida alitembea ameshika ukingo wa mkokoteni, na kila hatua alingoja jiwe la kisogoni.

Halikuja. Baadaye ilijulikana kwamba panya rodi hawakuwapo. Kishindo kile kilikuwa cha rundo la masufuria lililoporomoka kutoka ghorofani. Askari walipokuja kuuliza nani alipiga, hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Lucky alivunjika mkono, na sikio la upande wa kovu likaacha kusikia. Anaeli alikaa kando ya kitanda hospitalini bila kulia. Candida alipoingia, alimpa pole. Anaeli akamwambia, bila hasira, "Nilikuletea umfiche. Wewe ukamtoa hadharani." Candida akaweka chini mfuko wa matunda aliokuja nao, akatoka.

Wazazi wengi waliwatoa watoto wao. Candida naye alijifungia nyumbani. Jirani akishusha geti la duka, yeye alijikuta amechuchumaa jikoni. Aliandika ujumbe wa kuacha kazi, hakuutuma. Siku moja jioni Joyceline na wenzake waliobaki wakagonga mlango. Walikuwa wameshakaa na kuamua kwamba wataimaliza kazi ya vyoo, na walikuja kumwarifu, si kumwomba ruhusa. Candida akawaambia ukweli, kwamba anaogopa na hatakubali mtoto mwingine aumizwe kwa ajili ya choo.

"Hata sisi tunaogopa," Joyceline akamjibu. "Ila ukisema hapana, utakuwa umetuamulia wewe."

Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana wasitembee tena mitaani, bali wayapeleke maoni waliyokwisha kuyapata, tena wakiwa na nguo zao za kawaida, na Evarista aende nao. Lucky aliachiwa aamue mwenyewe.

Siku ya mkutano wa mtaa viti vilijaa, wengine wakasimama ukutani. Joyceline alieleza habari za vyoo, akaeleweka. Mwenyekiti akaahidi kwamba choo kilichofungwa nyuma ya soko kitafunguliwa, na wanawake wakapiga makofi. Candida alikuwa ameanza kupumua ndipo alipoona watu wanageuza shingo. Lucky alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa kifuani, na mama yake kando yake. Akaomba neno.

Akayapitisha macho kwenye viti, mstari kwa mstari, polepole, kama anayemtafuta mtu. Athanas, aliyekaa mbele, akainamisha uso. Lakini Athanas hakuwa peke yake siku ile, na wote mle ndani walilijua hilo.

Lucky akasema kwamba kuna wachuuzi waliowaomba waseme pia juu ya taa, kwa sababu njia ya kwenda choo hicho ni ya giza, na msichana hawezi kuipita peke yake. Akasema ni hilo tu. Akashukuru.

Safu ya nyuma mwanamume mmoja akainuka, akatoka bila kumtazama mtu. Wengine wakaendelea kukaa. Mwenyekiti akaanza kuzungumza habari za taa. Candida hakumsikia. Alikuwa anaangalia mikono ya watu, ile iliyotulia mapajani na ile iliyofichwa mifukoni, na hofu haikumtoka hadi mkutano ulipofungwa na Lucky akawa ametoka salama mtaani, mama yake akitembea upande wa sikio lake linalosikia bado.