Gauni Jeusi la Mjane

Jumapili ile jioni televisheni ya bweni ilikuwa kizimbani, na wakili wake pekee alikuwa Tamsin Wragg, msichana wa miaka kumi na mitano aliyekwisha kuadhibiwa mara nyingi kuliko bweni zima.

Mshitaki alikuwa Mwalimu Peverell, mkuu wa bweni. Riwaya ya mauaji iliyotengenezewa tamthilia ya televisheni aliijua kwa moyo, na tangu ilipoanza kuonyeshwa aliketi nyuma ya wasichana akiwatobolea siri zake.

"Muuaji ni daktari," alisema, sehemu ya mwisho ikianza. "Mnapoteza muda kutazama mapazia na kofia."

"Ni mjane, Mwalimu," alisema Tamsin.

"Wragg, kitabu hicho nilikisoma kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana hutazami."

Mwalimu akatabasamu kwa huruma. "Akiwa daktari, televisheni inahamia ofisini kwangu mpaka Pasaka."

"Na akiwa mjane, utatubanikia mkate wote, umevaa aproni ya matroni."

"Ile ya maua?"

"Hiyo hiyo."

Hettie, jirani yake wa kitanda, akamfinya. "Umetumaliza, wewe."

"Tulia. Gauni la mjane uliliona?"

"Jeusi tu."

"Mume kafa usiku. Asubuhi yuko mezani, gauni la msiba limemkaa kama ngozi. Enzi zile fundi alikupima kwanza, ukasubiri. Huyu alipimwa lini? Kitabu kingesema 'alivaa nyeusi', kikapita. Hapa wametuonyesha mshono."

Kwenye kioo, mpelelezi aliwakusanya watu wote sebuleni. Alimsogelea daktari, ambaye alikuwa akitoka jasho. Mwalimu Peverell akanyoosha tai yake.

Mpelelezi akampita daktari. Akagusa mkono wa gauni la mjane, akamuuliza kwa upole jina la fundi wake.

Kelele za bweni zilimwamsha mbwa wa mtunza bustani.

"Wamebadilisha," alinong'ona Mwalimu.

"Wameboresha."

Baadaye, akiwa ndani ya aproni ya maua ya waridi isiyomfika magotini, Mwalimu Peverell alibanika mkate kwa heshima zote za mtu aliyeshindwa vitani. Alipofika kwa Tamsin aliinama kidogo.

"Wragg. Ile sehemu ya gauni, wanairudia lini?"

"Jumamosi mchana. Nitakuwekea kiti cha mbele," alisema Tamsin, akimnyooshea sahani. "Siagi zaidi, Mwalimu."