Ghorofa ya Tuncay

Jumatatu moja ya Agosti, saa tatu asubuhi, Döndü alikuwa juu ya paa la nyumba yake huko Bağcılar, pembezoni mwa jiji, akianika rojo la pilipili kwenye masinia, katikati ya nondo ambazo marehemu mumewe alizivalisha chupa za plastiki zisije zikamchoma mtu. Maji yakadondokea sinia la kwanza. Akainua uso.

"Tuncay, mwanangu, kama unadeki, mwagia upande wa barabarani."

"Samahani, mama," akajibu mwanawe kutoka juu.

Huko juu hakukuwa na ukuta wala sakafu, lakini Tuncay alikuwa akiishi humo mwaka wa pili sasa.

Mumewe Döndü, Satılmış, alikuja kutoka Sivas wakati Bağcılar bado ni mashamba ya mizabibu na tope la kufika magotini. Ghorofa ya chini aliiinua kwa usiku mmoja na binamu zake, ili watu wa manispaa wakija wakute moshi tayari unatoka, maana nyumba yenye watu si rahisi kuibomoa. Uchaguzi ulipokaribia, wakubwa wakakumbuka kuwapa hati. Ghorofa ya pili ilikuwa ya binti yao, Gülizar. Ya tatu ingekuwa ya Tuncay akioa, kwa hiyo Satılmış akaacha nondo zimechomoza juu ya paa, kama mtaa mzima unavyofanya, kisha akafa.

Tuncay hakuoa. Alikuwa fundi nondo, akaanguka kutoka ghorofa ya kumi na nne ya jengo lililokuwa likijengwa ng'ambo ya barabara kuu. Kampuni ilisema haimjui, jina lake halimo kwenye daftari. Siku ya arobaini yake, halua ikiwa bado ya moto, alirudi na mfuko wake wa koleo, akawasalimia wageni, akapanda ngazi, na ngazi ilipoisha akaendelea kupanda. Majirani walizoea kumwona akianika mashati. Mwenye karakana ya ushonaji upande wa pili alilalamika mara moja tu, kwamba kijana anakanyaga kwa kishindo.

Alasiri ya Jumatatu ile ile akaja Cevdet, mpimaji wa kampuni ile ile. Safu yote ya nyumba ingebomolewa kupisha mnara wa makazi, na kila ghorofa iliyoandikwa ingelipwa nyumba humo. Döndü hakukataa. Alitaka jambo moja tu, jina la mwanawe liandikwe.

Cevdet alipanda, akavua viatu, akanywa chai kwa Tuncay, akapima. Mita tisini na mbili za mraba. Akashuka.

"Nyumba safi, shangazi. Na kijana mwenyewe mstaarabu."

"Basi mwandike."

"Ghorofa yake haimo kwenye hati."

"Si umeipima?"

"Nimeipima kwa adabu tu. Ningekunywaje chai yake halafu nisipime?"

"Kampuni yenu ilisema haimjui. Wewe leo umemjua. Mwandike hata kwa penseli."

Cevdet aliinama akafunga kamba za viatu, zikamchukua muda mrefu. Alimhurumia kwa dhati, ila fomu haikuwa na nafasi ya huruma.

Gülizar akasaini, majirani nao wakasaini, na sahihi zao zikatosha bila ya Döndü.

"Usininunie, mama," Gülizar alisema. "Humu tunaoza kwa unyevu. Na Tuncay mwenyewe hajakataa."

"Tuncay hajawahi kukataa kitu," Döndü akasema. "Ndicho kilichomuua."

Oktoba wakabomoa. Ghorofa mbili zilianguka, ya tatu ikabaki pale pale hewani na pazia lake. Nyapara, aliyekuwa na upungufu wa watu, akatazama juu akauliza kama bwana yule anajua kazi ya nondo. Kuanzia siku iliyofuata Tuncay akawa anashuka kila asubuhi kufanya kazi. Walimpa kofia ngumu, mkanda wa usalama hawakumpa.

"Mikanda michache, na huyu ameshaanguka," nyapara alimweleza Döndü, bila ubaya wowote.

Döndü alikuwa amepanga chumba mitaa mitatu kutoka hapo. Kila mchana alimletea mwanawe bakuli la bulguri ya ngano na achari, na kila mchana alimuuliza nyapara swali lile lile.

"Mmemwandika?"

"Mwisho wa mwezi, mama."

Mwisho wa mwezi akaja mkaguzi. Nyapara akapiga mluzi. Döndü, aliyekuwa getini na bakuli lake, alimwona Tuncay akiweka koleo chini bila haraka, akaenda nyuma ya mifuko ya saruji, akachuchumaa na kuvuta miguu ndani. Hakuna aliyemwonyesha mahali. Alifanya hivyo miaka sita akiwa hai. Döndü akafungua mdomo amwite kwa jina lake lote, na la baba yake. Tuncay akaweka kidole mdomoni. Alikuwa akimwomba.

Mkaguzi alihesabu watu thelathini na mmoja, akalinganisha na majina thelathini na moja, akasaini. Alipokuwa akitoka akamsalimia Döndü kwa heshima.

"Chakula cha nani hicho, mama?"

Döndü aliitazama mifuko ya saruji.

"Changu," akasema.

Mkaguzi akamtakia mlo mwema.