Waliomtuma Lubega Kuleta Askofu

Nyaruot alipomwona Lubega akishuka kwenye boda na joho la zambarau, alijua papo hapo kwamba jamaa amewachezea shere. Wao wa kanisani walimtuma Kampala akalete askofu. Yeye amerudi askofu.

Na alivyokuwa akitembea sasa, polepole, mkono juu kana kwamba anabariki mbuzi wote wa mtaa wa Gudele, pete kubwa kidoleni, jasho linamtiririka. Debe tupu. Mwuza sabuni na vitenge, kanisa lao la mabati alipewa aliongoze kwa sababu tu ana sauti, leo anataka watu wambusu pete.

"Askofu yuko wapi?" Nyaruot alimuuliza mlangoni.

"Mimi iko hapa, sista."

"Nimeuliza askofu."

Lubega akakohoa, akaanza habari za Abba Salama, na hapo Nyaruot alichukia kabisa, maana hadithi hiyo ilikuwa ya mama yake. Mama aliipata kwa wanawake wa Kihabeshi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akarudi nayo Juba, na kila mwaka aliwasimulia kanisani: Frumensio, ndiye Abba Salama, alivyotekwa angali kijana, akatumikishwa kwa mfalme wa Aksum kule Uhabeshi, na alipoachwa huru, badala ya kukimbilia kwao, akaenda Aleksandria kumwomba Athanasio, askofu mkuu wa huko, awapelekee watu wale askofu. Athanasio akamwambia, nani tena zaidi yako? Akamwekea mikono, akamrudisha kulekule alikokuwa mtumwa. Wengine walisikia hapo mtu aliyewarudia waliomtesa. Lubega, kichwa maji, alisikia kwamba ukitumwa kuleta askofu unaruhusiwa kujipa cheo.

"Hata yeye alienda kuomba askofu, akarudi yeye," alisema, haya hana.

"Yeye alirudi. Wewe risasi zilipolia hapa ulikimbia Uganda ukaacha watu. Nani alibaki kuzika na kuombea? Si mama?"

"Malesh, samahani, sista. Hiyo mambo ya zamani."

Mama alikuwa chumba cha ndani, mwili umekwisha, daktari ameshawaambia wamrudishe nyumbani. Alibaki na haja moja: askofu amwekee mikono kabla hajafa. Alibatizwa kambini, na askofu waliyemngojea kule awape kipaimara hakufika. Nyaruot alimwahidi kwamba safari hii atakuja. Ndiyo hiyo ahadi waliyomkabidhi fisi akaibebe.

Akafikiri: mama haoni vizuri, nikinyamaza huyu ataweka mkono, mama atakwenda na amani. Badala yake akauziba mlango kwa mwili wake.

"Mwache aingie," mama aliita kutoka ndani.

Lubega akaingia, akasimama kando ya kitanda. Mama akalipapasa lile joho taratibu.

"Nani amekuwekea mikono, mwanangu?"

Lubega akaizungusha pete kidoleni. Pale mlangoni mdomo wake ulikuwa haufungi.

"Hakuna, Mama," alisema mwishowe. "Mimi nagonga milango, nagonga, wote wanasema Juba hapana, huko wanapigana. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Nikashonesha joho."

Nyaruot akasonya. Hata kukiri kwake kulimchosha, mtu mzima mwenye ndevu, kamasi inadondokea zambarau.

"Basi hukutumwa na mtu," mama alisema. "Abba Salama alitumwa. Vua hilo. Piga magoti."

Akavua, akabaki na fulana iliyotoboka kwapani. Akapiga magoti. Mama akajaribu kuinua mkono, ukaanguka juu ya blanketi.

"Nyaruot, nisaidie."

"Mama, huyu?"

"Nani mwingine amekuja?"

Nyaruot akapiga hatua hadi kitandani. Akauinua mkono wa mama, mwepesi mno, akauweka juu ya kile kichwa chenye jasho, na kwa kuwa haukuweza kukaa wenyewe ilimbidi aushikilie palepale.

"Nakutuma kwa hawa uliowakimbia," mama alimwambia Lubega. "Zika watu wao. Usikimbie tena. Sasa anza na mimi."

Lubega akaweka kiganja chake kwenye paji la mama, na mpumbavu yule akasahau maneno ya sala. Nyaruot alimtajia, neno baada ya neno, kwa hasira, naye akayafuata mpaka mwisho.

"Amina," mama akasema, akafumba macho, uso umetulia.

Nyaruot alibaki ameushika ule mkono, akimchukia Lubega kuliko pale mlangoni, kwa sababu sasa alikuwa askofu kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyesaidia kumsimika.