Mbao Mbichi Chumbani

Mke wa seremala aliamka, akajikwaa, akagonga kidole gumba cha mguu kwenye mbao zilezile za kila siku. Nguo zake zilikuwa bado kwenye magunia, za kushindia juu, za kutokea chini kabisa, zimejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Mumewe alimwahidi kabati. Mbao akazilaza chumbani zikauke, maana karakana inavuja. Kila akiulizwa, jibu ni moja: "Subira huvuta heri, mke wangu."

"Heri yenyewe inakuja kwa kutambaa?"

Siku hiyo mume alikwenda kupaua nyumba mtaa wa pili. Akapita mdogo wake, naye seremala, msumeno begani.

"Shemeji, bado unaishi magunia kama viazi? Nipe chai tu, jioni unatundika nguo."

Moyo ulimruka. Akaliona gauni lake la kijani limening'inia, limenyooka. Shemeji alishaulaza ubao wa kwanza juu ya viti viwili, penseli sikioni.

"Hebu ngoja."

Mke akaweka kiganja juu ya ubao. Pembeni mkavu, katikati baridi, kama tumbo la chura. Akaukumbuka mlango wa jikoni, alioulilia hivihivi walipooana, ukakatwa ungali mbichi. Ulipendeza wiki moja. Sasa umepinda, haufunguki mpaka uupige nyonga, na mchuzi umeshamwagika mara ngapi! Akaliwaza na hilo kabati likizeeka kabla ya siku zake: milango imenuniana, panya anaingia bila hodi.

"Chukua msumeno wako," alisema, machozi karibu.

"Ala! Kaka amekuroga nini?"

"Kunywa chai, uende zako."

Shemeji alipoondoka, mke hakuona fahari yoyote. Aliona hasira tu. Anayejikwaa ni yeye, anayesifiwa uvumilivu ni mumewe! Akajifunga kanga kiunoni, akazikokota mbao mojamoja hadi sebuleni, akakitoa nje kiti cha mumewe, akazipanga palepale.

Seremala aliporudi alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sasa mimi nikae wapi?"

"Zikikauka utakaa," alimjibu, akaendelea kuchambua mchele.