Moto wa Mgeni

Barua ilisema nyumba ya Nolfa Mansilla ina joto la kutosha.

Aliisoma jikoni kwake saa nne asubuhi, amevaa koti na kofia ya sufi, na juu ya koti amejitanda blanketi. Kila alipovuta pumzi aliiona ikimtoka puani nyeupe. Akairudia tangu mwanzo, taratibu, asije akasingizia watu. "Kutokana na ukaguzi uliofanyika, makazi ya mwombaji yana joto la kutosha na akiba ya kuni ipo. Ombi limekataliwa." Chini palikuwa na mhuri wa manispaa ya Villa Coigüe na saini ya Yasna Ferrada, ofisa ustawi wa jamii.

"Washenzi wakubwa," alisema Nolfa.

"Nani huyo?" aliuliza mama yake kutoka chumbani.

"Hakuna mtu, mama. Jifunike."

Bi Orfelina alikuwa na miaka themanini na sita. Mwezi wa sita alilazwa hospitali kwa mapafu, na siku ya kuruhusiwa muuguzi alimshika Nolfa mkono akamwambia maneno mafupi: huyu asipigwe na baridi tena, akipigwa hatainuka. Maneno rahisi kuyasema. Nolfa alikuwa mpishi wa shule, na shule hufungwa Julai yote, na mpishi wa shule iliyofungwa halipwi. Kuni zilizobaki zilikuwa magome na vipande vya mbao, moto wa kuwaka kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili nyingine jioni. Ndiyo maana alikwenda manispaa kuomba kuni zinazogawiwa kila msimu wa baridi kwa wasio na uwezo. Alipanga foleni, akajaza fomu, akaambiwa ofisa atakuja kuiangalia nyumba Jumanne.

Na hapo ndipo yeye na mama yake walipojichimbia kaburi wenyewe.

Kwa watu wa kule kusini, ambako theluji ya Mei unaweza kuagana nayo Septemba, mtu akibisha hodi anapokewa kwa moto. Wenyewe mnaweza kula viazi vitupu wiki nzima na kulala na makoti, hilo ni lenu na Mungu wenu. Lakini mgeni afungue mlango akute jiko la chuma linanguruma, birika juu yake, na kibuyu cha yerba, chai chungu ya kule, tayari kuzunguka na mrija wake, kila mtu anyonye kwa zamu. Nyumba iliyompokea mgeni kwa jiko baridi husemwa mpaka wajukuu wazeeke.

"Mtu wa serikali anakuja," alisema Bi Orfelina Jumatatu ile. "Usinitie aibu."

Nolfa hakumtia aibu. Aliazima kuni kwa jirani, mikono miwili imejaa. Akachoma na zile zao za wiki nzima. Zilizobaki kati ya zile za jirani akazipanga vizuri kando ya jiko, maana kikapu kitupu mbele ya mgeni ni kama meza isiyo na kitambaa. Akakaanga tortafrita, maandazi bapa ya kule, kwa mafuta ya nguruwe mpaka harufu ikafika barabarani. Yasna Ferrada alipoingia, msichana wa kaskazini, miaka ishirini na saba, pua nyekundu kwa baridi, madirisha yalikuwa yanatiririka maji kwa joto. Alivua koti. Akavua sweta. Alikula, akaongezwa, akala tena, akapokea kibuyu kila kilipomfikia, akamsifu Bi Orfelina kwa nyumba yake nzuri. Wakaagana kwa kubusiana mashavu. Kisha akaenda ofisini akaandika aliyoyaona.

Nolfa aliikunja barua, akaitia mfukoni, akatoka.

Ofisini kwao kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Makarani walikuwa na mashati ya mikono mifupi, Julai ile! Mmoja alikuwa amefungua dirisha kidogo ili apate hewa, na Nolfa alipoliona dirisha lile hasira zilimpanda mpaka masikio yakavuma.

"Bibi Nolfa!" Yasna alisimama kwa furaha. "Mama hajambo?"

"Mama anatetemeka. Hii nini?" Akaitandaza barua juu ya meza.

Yasna aliisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. "Lakini, bibi, mimi niliandika nilichokiona. Nyumba ilikuwa na joto. Mimi mwenyewe nilivua sweta."

"Uliona moto wako wewe! Ule ulikuwa moto wa mgeni. Ulipotoka tu, tukakaa siku tatu bila hata kijiti."

"Na kuni zilizopangwa pale?"

"Za jirani. Nilimrudishia jioni ile ile."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? 'Karibu dada, kula, lakini ujue moto huu wa kuazima'? Kwenu ndivyo mnavyowapokea watu?"

Yasna aliona haya, lakini haya hazibadilishi fomu. Alieleza kwamba maelezo yakishaingia kwenye kompyuta hayafutiki. Kinachoruhusiwa ni rufaa na ukaguzi wa pili. Angekuja Alhamisi saa nne, na safari hii angekuja na kipimajoto.

"Ila, bibi, nakuomba," aliongeza kwa sauti ya chini. "Usiwashe."

"Nisiwashe?"

"Usiwashe kabisa. Ikizidi digrii kumi na mbili, siwezi kukusaidia."

Nolfa alimkodolea macho. Kuna matusi ambayo mtu hutukanwa akiwa ameshikwa mkono kwa upole, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Alirudi nyumbani akipiga teke kila bonge la theluji lililokuwa njiani.

Alhamisi alfajiri alimpa mama yake uji wa moto na chupa ya maji ya moto ya kukumbatia, kisha akaliacha jiko lizimike. Hakumwambia kitu. Alijua angemwambia lingewashwa, hata kwa miguu ya meza. Saa nne Yasna alipobisha hodi, alitumaini kikongwe amesinzia. Wapi! Bi Orfelina alitokea mlangoni mwa chumba amevaa sweta lake la kanisani, nywele zimechanwa, anashikilia ukuta.

"Karibu, binti, karibu sana," alisema. Kisha akasita, akageukia jiko. "Nolfa, mbona limezima? Kuna mgeni."

"Leo haliwashwi, mama."

"Haliwashwi, maana yake nini? Mtu kasimama hapo midomo imembadilika rangi."

"Usijali, bibi," alisema Yasna. "Mimi ni wa dakika mbili tu."

"Hata wa dakika mbili ni mgeni. Nolfa, weka birika."

"Mama, nimesema leo hatuwashi."

Nolfa alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hakuwahi kumjibu mama yake hivyo mbele ya mtu. Jiko lilikuwa kimya. Yasna aliweka kile kipimajoto mezani, mahali ambapo siku ile palikuwa na sahani ya tortafrita, na wote watatu wakasimama wakikitazama kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

"Sita," alisema Yasna, akiiambia karatasi yake. "Inatosha."

Bi Orfelina alimshika mkono. "Nisamehe, binti yangu. Huyu nilimzaa mimi, lakini haya hakuyatoa kwangu." Kisha akarudi chumbani na kufunga mlango. Yasna aliondoka bila kukaa, bila kunywa, na Nolfa akabaki ameshika ukingo wa jiko la baridi, anatamani kulia na anakataa.

Lori lilikuja Jumatatu. Mita tatu za ujazo za kuni za lenga, mti wa misitu ya kule, na kavu, kavu kweli, maana Nolfa aligonga mbili pamoja zikalia vizuri. Alizipanga mwenyewe chini ya kibanda, akawasha jiko, akalilisha mpaka chuma kikaanza kulia. Kwa mara ya kwanza tangu Juni, ukiacha siku ile ya mgeni, alivua kofia ndani ya nyumba yake.

"Mama! Njoo uote moto."

"Ota wewe," ilisema sauti nyuma ya mlango.

Nolfa aliufungua mlango. Bi Orfelina alikuwa amekaa kitandani, mablanketi mpaka shingoni, ameelekea ukutani.

"Mama, hizi ni kuni zako. Zimeletwa kwa ajili ya kifua chako."

"Nimezisikia zikishushwa. Zimelipiwa kwa aibu yangu. Mtu ametoka kwangu tumbo tupu na mikono ya barafu. Miaka themanini na sita, Nolfa, haijatokea. Siku yule binti akikaa pale motoni, nami nitakaa."

"Lakini yeye ndiye aliyesema tusiwashe!"

"Na wewe ukamsikiliza."

Nolfa aliuacha mlango wazi ili joto liingie. Bi Orfelina alishuka kitandani, akaufunga. Nolfa akaufungua. Ukafungwa. Mara ya tatu aliusikia mgongo wa kiti ukiegemezwa kwa ndani, na nyuma yake kikohozi, kile kile cha mwezi wa sita, kirefu na chenye maji. Usiku kucha jiko liliwaka na hakuna aliyeliota. Nolfa aliwachukia wote: manispaa, kipimajoto, msichana wa kaskazini, na kikongwe mkaidi aliyekuwa tayari kufa kwa adabu. Alijichukia zaidi yeye, kwa sababu moyoni alijua mama yake hakukosea kitu.

Jumatano kikohozi kilipoanza kumkata Bi Orfelina maneno katikati, Nolfa alikanda unga, akaufunika, akaenda mjini.

"Chukua namba, mama," alisema mlinzi wa ofisi.

"Namba nilichukua mwezi wa sita," alisema Nolfa, akapita foleni nzima ya watu waliokuwa wameshika fomu zao, mpaka mezani.

Yasna aliinua uso kwa hofu. "Kuni hazijafika?"

"Zimefika. Vaa koti."

"Samahani?"

"Vaa koti, twende. Mama hasogei motoni mpaka wewe ukae pale ule na unywe. Siku ya tatu leo anakohoa chumbani na jiko linawaka bure. Akifa, kuni zako utakuja kuzichukua."

"Bibi Nolfa, nipo kazini. Halafu haturuhusiwi kupokea chochote kutoka kwa wanufaika. Ni kanuni."

"Kanuni!" Nolfa alipaza sauti, na foleni yote ikageuka. "Mara ya kwanza kanuni ilikuwa wapi? Ulikula tortafrita nne, niliziona kwa macho yangu!"

Mtu alicheka nyuma. Yasna alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alifunga kompyuta yake.

"Tano," alisema. Akalivaa koti.

Barabara ilikuwa barafu tupu. Nolfa alitangulia bila kugeuka, na alipomsikia msichana anateleza nyuma yake hakupunguza mwendo. Alipofungua mlango wa nyumba hakuita. Yasna mwenyewe alisema hodi, kwa sauti iliyopasuka, na kule chumbani kiti kikaburutwa.

Bi Orfelina alitoka amevaa sweta lake. Alikuwa amekonda kwa siku tatu zile, lakini alikataa kushikwa. Alimkalisha mgeni karibu na moto kabisa. Akajaza kibuyu mwenyewe, akakitikisa kidogo, akampa.

"Siku ile ulitukuta vibaya," alisema.

"Hapana, bibi, mimi ndiye nili..."

"Kunywa kwanza."

Yasna alinyonya mrija mpaka ukalia, machozi yanamdondoka kibuyuni. Ndipo Bi Orfelina akakivuta kiti chake mpaka magoti yakakaribia kugusa chuma, akanyoosha mikono juu ya joto, akafumba macho. Alikohoa sana, kisha akapumua.

Nolfa alikuwa amewapa mgongo, anakaanga. Alisikia pumzi ile ya mama yake ikishuka, na hasira yake haikushuka hata kidogo. Mafuta yalimrukia mkononi, hakuyafuta. Aliiwaza foleni aliyoipita ofisini, na barabara yao nzima, mabomba ya moshi yote yaliyotoa moshi mzito siku moja ya ukaguzi kisha yakanyamaza.

"Yasna," alisema bila kugeuka. "Tangu mwezi wa sita umekagua nyumba ngapi?"

"Arobaini na kitu."

"Na ngapi ulizikuta na moto?"

Msichana alikishusha kibuyu magotini. Alifikiri, na walimwona anafikiri, nyumba moja baada ya nyingine, meza moja baada ya nyingine.

"Karibu zote," alisema.

"Na zote uliziandikia hivyo hivyo."

Yasna alikizungusha kibuyu magotini mwake. Jiko liliendelea kunguruma.

"Nolfa, mwache mgeni ale," alisema Bi Orfelina.

"Ale," alisema Nolfa, akaitua sahani mezani kwa kishindo. "Ale ashibe, maana kutoka hapa naongozana naye. Tunaanza nyumba ya kwanza ya barabara hii, bila kumpa mtu habari mapema, na kote huko hatapewa nafasi ya kuvua koti."